Mwaka wa Gesi na Halbadiri ya Mama

Mama yangu hakuwa msomaji wa magazeti, lakini alikuwa na njia yake ya kujua nchi inakwendaje. Alisikiliza wanaume wanazungumza nini wakishanawa mikono. Wakizungumza mpira, mambo ni mazuri. Wakizungumza mvua, mambo yamebana kidogo. Wakianza kusifu chakula, mmoja baada ya mwingine, bila kutazamana, basi kuna mtu kasema jambo lisilosemwa. Mwishoni mwa miaka ya tisini, bei ya mafuta ilipoporomoka, pilau ya mama ilisifiwa mpaka yeye mwenyewe akachoka nayo.

Mimi wakati huo nilikuwa mfasiri katika wizara moja hapa Maskati. Wataalamu wa kigeni waliandika kwa Kiingereza jinsi nchi itakavyokuwa miaka ijayo, mimi nikayatia maneno yao katika Kiarabu ili wakubwa wayasome, au angalau wayaweke mezani. Mafuta yatapungua, walisema wataalamu, lakini ipo gesi. Kiwanda kilikuwa kinajengwa pwani, karibu na Sur. Gesi ingepozwa mpaka iwe kama maji, ipakiwe melini, ipelekwe Mashariki ya mbali kwa mikataba ya miaka mingi. Kila ripoti ilikuwa na sehemu ya mwisho juu ya siasa, na hiyo niliijua kwa moyo. Nchi imetulia. Hatari ni ndogo. Watu wameridhika. Niliweza kuitafsiri huku nafikiria samaki wa mchana.

Aliyeniharibia raha hiyo ni kaka yangu. Tulikuwa tukikaa watu watatu katika nyumba ya mtaa wa Azaiba, hapa Maskati: mama, kaka ambaye alikuwa hajaoa, na mimi niliyeachika. Kaka alifundisha uchumi chuoni. Alikuwa mtu mpole, hagombani na mtu dukani wala barabarani, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona hesabu haikai sawa, hawezi kunyamaza.

Siku moja paliitishwa mkutano katika hoteli kubwa upande wa Bustan, kuelezea mustakabali wa gesi. Mimi nilikuwemo, ndani ya kibanda cha vioo cha wakalimani nyuma ya ukumbi. Mjomba wetu alikuwa safu ya mbele na wakubwa wenzake, kilemba kimekaa sawasawa, fimbo mapajani. Wazungu walionyesha michoro yao, na mistari yote ilikuwa inapanda. Halafu mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali, kwa sauti ya mtu ambaye tayari roho yake iko kwenye kahawa.

Kaka yangu akasimama. Alisema kwa Kiarabu, na zamu ilikuwa yangu kumtia kwa Kiingereza. Alisema gesi hii tumeshaiuza kabla haijatoka ardhini, na watoto ambao hawajazaliwa wameshafungwa na mikataba yake. Akauliza aliyeamua ni nani, na akiwa amekosea, nani ana haki ya kumwambia kwamba amekosea. Akasema vijana wake wanamaliza chuo hawana kazi, na mafuta yalipoanguka bei hakuna aliyesimama kueleza, je, gesi nayo itakuwa hivyo hivyo? Nilikuwa nayatamka maneno hayo kwa mdomo wangu mwenyewe, na sauti yangu ilikuwa imo masikioni mwa wageni wote wale.

Mwenyekiti alimshukuru, wala hakuna aliyejibu. Wakati wa kahawa niliona kupitia kioo cha kibanda jambo lililonitisha kuliko swali lenyewe. Ukumbi ulikuwa umejaa watu, na kaka yangu amesimama katikati na kikombe chake, pande zote amezungukwa na zulia tupu.

Lazima nimweleze mjomba, kwa sababu bila ya yeye hatukuwa watu. Alikuwa kaka wa mama, tumbo moja. Alitangulia kuja Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati nchi ilipofungua milango na kuwataka watoto wake waliokuwa Unguja na bara, hasa waliojua kusoma Kiingereza. Kisha akatuita sisi kutoka Unguja. Alitupa vyumba viwili Matrah, karibu na bandari, akatutafutia skuli, akampatia kaka nafasi ya kwenda kusoma nje, akanipatia mimi kazi wizarani. Baba alipokufa, yeye ndiye aliyesimamia ujenzi wa nyumba ya Azaiba. Kila mlango tuliopita, mjomba ndiye aliyeushika wazi. Tulimpenda, nasema kweli. Mpaka leo nikisikia harufu ya udi wake kwa mtu mwingine, nageuka.

Ijumaa iliyofuata alikuja kula kwetu, kama kawaida yake. Tulikaa wanne kwenye mkeka.

"Mwanangu," alimwambia kaka, "siku ile umepanda juu ya meza ya watu na viatu."

"Niliuliza tu, Mjomba."

"Na kuuliza kuna mahala pake."

Basi kaka, kwa kuwa yuko nyumbani, na kwa kuwa tulikuwa tukisema Kiswahili, lugha ambayo kwetu ni kama kuvua kilemba, akayasema yote yaliyobaki. Alisema nchi nzima inangoja neno la mtu mmoja, na mtu huyo hata awe mwema vipi, siku akiumwa sote tumeumwa. Alisema gesi itatupa miaka mingine ya kulala, kisha tutaamka wazee. Mama akaenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyataka. Mjomba akaendelea kula, halafu akasema pilau ya leo haijapata kutokea.

Siku chache baadaye kaka akapigiwa simu. Sauti ilikuwa ya adabu kabisa: aje asubuhi, anywe kahawa, kuna mazungumzo madogo. Alipiga pasi kanzu yake mwenyewe, akatia mafuta ya udi, akaenda. Hakurudi mchana, wala jioni. Kesho yake sauti ile ile ya adabu ikatupigia sisi, ikasema tusiwe na wasiwasi, kaka yupo, ni mgeni wao.

Kwetu sisi mtu akifa, nyumba haipumui kwa watu. Mikeka inaazimwa, kahawa haikatiki, wanawake wanakaa mpaka unatamani waondoke. Kaka yangu hakufa, kwa hiyo hakuja mtu. Jirani aliyekuwa akiingia jikoni bila hodi alianza kupita upande wa pili wa barabara. Simu ililala. Mama alikuwa akipika kahawa kila asubuhi, anaiweka kwenye birika pamoja na tende, na kila jioni anaimwaga. Nilikuwa na hasira kila nikimwona akiimwaga, na sikujua nimkasirikie nani, maana nyumba zote zilikuwa na haki ya kuogopa.

Wizarani hakuna aliyesema neno. Walinipa ripoti nyingine ya gesi nitafsiri, wakaniwekea mezani kwa upole mkubwa, kama watu wanaompa mgonjwa uji. Aliyesema ni mmoja tu, mama mmoja wa Kenya, karani wa wale wataalamu wa kigeni. Alinikuta kwenye ujia, akanishika mkono, akasema kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona:

"Dada, pole sana! Nimesikia ati kaka yako ameshikwa. Jumapili kanisani nitamweka kwa maombi, sawa? Mungu atatenda."

Milango mitatu ilikuwa wazi. Nilimwambia "asante" na kumkimbia, kisha nikajifungia chooni nikalia. Katika mji mzima uliojaa jamaa zangu, pole ya kwanza nimepewa na mtu asiye wa kwetu, na mimi nimemkimbia.

Siku zilivyozidi, mama akaacha kulia. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Asubuhi moja nilimkuta amekaa karibu na simu, kavaa miwani, kitabu cha namba kiko mapajani.

"Alhamisi baada ya alasiri, inshallah," alikuwa akisema. "Nnasoma Halbadiri. Kwa alomsema mwanangu. Eee, huyo huyo, popote alipo. Karibu, na wanawake wa kwako uje nao."

Nilisimama mlangoni. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa, lakini kwa mwingine niseme hivi: Halbadiri ni kisomo kinachosomewa mwizi au dhalimu asiyejulikana. Yanatajwa majina ya mashujaa wa Badri, na aliyetenda, hata akijificha, kinamfika. Tumbo litafura, au watoto wake watapatwa. Na ada yake ni kwamba hakisomwi kwa siri. Hutangazwa kwanza, ili mwenye makosa apate nafasi ya kurudisha alichokichukua. Huko Unguja kilisomwa kwa kuku walioibwa na kwa vipuli vya dhahabu vilivyopotea. Mama yangu alikuwa anataka kukisoma Maskati, kwa mtu aliyepeleka maneno serikalini. Kumlaani mtu huyo ilikuwa ni kulaani na mkono uliopokea maneno hayo, yaani serikali yenyewe.

"Mama, simu hii inasikilizwa!"

"Basi vizuri, na wao waje. Ubani upo wa kutosha." Akageuza karatasi, akapiga namba nyingine.

Kufika adhuhuri, habari ilikuwa imeshatoka Azaiba imefika Matrah na kurudi. Na nyumba ambayo haikuingiwa na mtu, ikaanza kuingiwa.

Wa kwanza alikuwa yule jirani, na bakuli la maharage ya nazi. Hata kuketi hakuketi. "Wallahi l-adhim, Bibi, mimi hata jina lake sijalitaja." Mama akamtazama. "Mbona waapa? Nani kakushitaki?" Akafuata mwalimu mwenzake kaka, aliyeniona wiki iliyopita akajifanya anatafuta kitu garini. Alikuja na sahani ya halua, akasema yeye aliulizwa tu, na alichojibu ni kwamba kaka ni mwalimu mzuri. "Uliulizwa na nani?" mama akamwuliza. Mwanamume yule akageuka rangi, akaomba maji. Akaja hata mwenye duka la barabarani, ambaye hakuna aliyemfikiria, kusema kwamba yeye alikuwa akimuuzia kaka magazeti tu, na hayo magazeti ni ya halali.

Mama alimkaribisha kila mmoja kahawa, na kila mmoja alimwambia neno moja: "Kama humo, usiogope. Halbadiri haimkosei mtu." Wapo walionisogelea mimi pembeni wakaninong'oneza kwamba kikulacho ki nguoni mwako, tutazame wa karibu. Niliwacheka moyoni. Mimi niliyesoma, niliyekuwa nikisema siamini mambo hayo, nilikuwa nakipita mbali chetezo cha mama. Lakini niliona faraja pia, sikatai. Kwa mara ya kwanza tangu kaka achukuliwe, walioogopa walikuwa wengine.

Alhamisi asubuhi mama alikuwa jikoni anapepeta mchele, nami namenya vitunguu. Mjomba akaingia kwa mlango wa uani. Katika miaka yote alikuwa akiingia kwa mlango wa mbele, kwa kukohoa na kupiga hodi. Hakuwa na kilemba, kofia tu.

"Dada," alisema, "usisome."

"Utanambia bidaa," mama akasema, hakuacha kupepeta. "Nishawasikia wanaosema ni uzushi katika dini."

"Si bidaa."

"Basi nini?"

Mjomba akatazama mlangoni, kisha akatazama mikono yake. "Ikimpata alosema," akasema, "nani atakwenda kumtoa mwanao?"

Ungo ukasimama. Mimi nilichelewa kufahamu. Nilidhani ananasihi tu kwa maneno ya kiutu uzima, kisha nikamwona mama hageuki, hageuki kabisa, nikafahamu.

"Nlikwenda mwenyewe," mjomba akasema. "Nlikuwa nimekaa mbele, Dada. Kila mtu ukumbini anajua yule ni mtoto wangu. Nikaona bora niseme mimi kuliko kusema mwengine. Nikawaeleza yote, na ya hapa nyumbani pia, waone hatuna tunachoficha. Walinambia watamsemesha tu, kisha arudi kwake."

"Ya hapa nyumbani?" Nilisikia sauti yangu imepanda. "Ya kwenye mkeka wetu? Mjomba, ni wewe?"

"Nyamaza wewe," mama akaniambia.

"Sinyamazi! Watu wanakuja hapa kuapa, watu wa mbali..."

"Nshakwambia nyamaza." Hakunyanyua sauti. Mchele ulikuwa umetulia kwenye ungo, naye anautazama kana kwamba anatafuta chuya. "Utamtoa lini?" akamwuliza kaka yake.

"Siku ntakapokuwa na uso wa kwenda kwao. Ukisoma, na mji mzima umeshajua, na wao wamesikia kwenye simu, ntakwenda na uso gani?"

Mama akaupepeta mchele mara moja tu. "Nenda," akasema. "Uso utakuwa nao."

Mjomba akatoka kwa mlango ule ule wa uani. Nilitaka kumtupia sufuria. Nilitaka mama alie, apige kelele, amwite jina baya, afanye kitu. Akaniambia nikatandike mikeka, wageni watafika.

Walifika wengi kuliko tulivyodhani, maana aliyebaki nyumbani angeonekana anaogopa. Sebule ilijaa mabuibui na moshi wa ubani. Aliyeongoza alikuwa bibi mmoja mzee, aliyewasomesha Qurani nusu ya wanawake wale walipokuwa wadogo huko Ng'ambo, Unguja. Akafungua kitabu, akamgeukia mama.

"Taja nia yako," alisema. "Kisomo hichi hakisomwi kiza. Kinakwenda kwa nani?"

Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango. Nilimwona jirani yetu wa maharage ya nazi ameweka mikono miwili juu ya tumbo lake. Nilikuwa nikisema moyoni, sema, Mama, sema "kwa alomsema mwanangu", humtaji jina, hawatajua.

"Msomeeni mwanangu arudi salama," mama akasema. "Hilo jengine nimeliondoa."

Minong'ono ikapita sebuleni. Bibi mzee akaweka kidole kitabuni. "Umelisamehe, au umeliondoa?"

"Nimeliondoa."

Bibi akakifunga kitabu cha Halbadiri, akachukua msahafu, wakasoma Yasini. Jioni ile ile mji ulikuwa na maneno yake: kaingia woga, kakumbuka serikali ni nani. Mwanamke aliyetangaza kwenye simu yenye masikio, sasa anaitwa mwoga na watu waliokuja kumwapia. Hakumjibu hata mmoja. Mimi nilimnunia siku nzima ya Ijumaa, na mjomba hakuja kula.

Jumamosi, siku ya kwanza ya kazi kwetu, mkuu wa wataalamu alikuja kwenye meza yangu pamoja na mkurugenzi wetu. Alikuwa mzungu mwema, mwenye macho ya kujali. Alitaka kujua, kutoka kwangu kama mwananchi, kama sehemu ile ya siasa katika ripoti yao ni ya haki, au wametia chumvi. Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama dirishani. Nilifikiri juu ya kaka, mgeni wao. Nikafikiri juu ya mjomba, na uso anaouhitaji. Nikasema iko sawa. Akanishukuru, akaniambia nchi nyingi zinatuonea wivu kwa utulivu wetu.

Kaka alirudi ndani ya gari la mjomba, adhuhuri, siku ambayo hatukuambiwa tumngoje. Alikuwa amekonda shingo. Kanzu aliyovaa ilikuwa mpya, haikuwa yake. Alisema hawakumpiga. Walimheshimu, walimpa chakula kizuri, walimwuliza maswali yale yale kwa adabu ile ile mpaka akasahau majibu yake mwenyewe. Mama alimshika uso kwa mikono miwili.

Kabla ya alasiri nyumba ilikuwa imejaa. Halua za Matrah, tende, mbuzi mzima kutoka kwa mtu ambaye mwezi mzima hakupokea simu zetu. Wote walikuwa wanampa mkono kaka, kisha wanakwenda kumbusu mjomba begani. "Bila ya kaka yako, Bibi, tungesema mengine," walimwambia mama. "Huyu ndiye mwanamume." Na ilikuwa kweli, alimtoa yeye. Kila waliposema, mama alijibu, "Allah amjaze kheri." Nilihesabu mwanzoni, kisha nikaona nitaugua.

Halafu mjomba akatangaza, mbele ya watu wote, kwamba wakubwa wameiona elimu ya kaka na hawataki ipotee. Ipo nafasi ya mshauri kwenye kampuni mpya inayoshughulika na gesi: mshahara mzuri, gari, na kiwanja. Watu wakasema mashallah. Hapo nikafahamu kile nilichokuwa nikikitafsiri miaka yote bila kukielewa. Hatari ni ndogo kwa sababu ipo gesi ya kuuza. Nchi yenye kitu cha kuuza haina haja ya kumjibu mwenye swali, inaweza kumnunulia kiti. Kaka aliinama, akaubusu mkono wa mjomba. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu, lakini yeye hakuubusu kwa sababu hiyo. Aliubusu kwa mapenzi, machozi yanamtoka.

Wageni walipoondoka, magharibi ikishaswaliwa, tulibaki watatu. Mbele ya watu kaka alikuwa hakula kitu. Mama akamletea sahani, akakaa karibu yake mkekani. Mimi nilikaa upande wa pili.

"Mama," kaka alisema, taratibu, "walikuwa wanajua hata niliyoyasema hapa. Hapa hapa. Neno kwa neno. Ile habari ya mtu mmoja kuumwa, wanayo. Na siku ile tulikuwa wanne tu."

Mama akamsogezea sahani.

"Nilikuwa na wakati mwingi wa kufikiri kule," kaka akaendelea. "Wewe siwezi kukufikiria. Mjomba ndiye aliyenitoa." Kisha akanyanyua macho, akanitazama mimi. Mimi wa wizarani, mimi wa kibanda cha vioo, mimi niliyekaa miaka na wazungu na wakubwa nikiwatafunia maneno. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kwa huzuni, na hiyo ndiyo iliyoniua.

Nikamgeukia mama. Nilingoja. Neno moja lilitosha, na alikuwa nalo. Alinitazama, na ninaapa sijapata kuona macho yanayoomba kama yale, wala kabla wala baadaye. Kisha akachota wali kwa mkono wake, akaufinyanga, akamtia kaka tonge mdomoni kama mtoto mdogo.

"Kula, mwanangu," akamwambia. "Yameshapita."

Kaka akatafuna. Mimi nikanyanyuka nikaenda kuosha vikombe, kwa sababu kama ningebaki ningesema, na kama ningesema, mwana huyo wa mama angeukataa mkono uliomtoa, akaukataa na ule uliomwajiri, na safari hii pasingekuwa na mtu wa kwenda kumfuata.

Meli za gesi zikaanza kuondoka Sur. Kaka akapanda vyeo, akaoa, akajenga. Hajapata kuniuliza. Kila Idi ananiletea kitambaa kizuri na pesa za sikukuu, ananibusu kichwani, na nikiingia sebuleni anamaliza sentensi yake haraka. Mjomba alikufa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mama akamfuata, na hakuna tena ninayemlinda kwa kunyamaza. Ningeweza kumwambia kaka ukweli leo hii, kwa simu. Lakini mwanawe wa kwanza amempa jina la mjomba, na mtoto huyo ndiye anayenipenda kuliko wote.